Mafuta ya Iddi

Wifi yangu Kuruthumu ni mtu wa maneno machache, na mimi Mungu kanipa ya watu wawili, kwa hiyo nikianza kumweleza msinikatize. Mnajua wenyewe, wifi na wifi hawapikiki chungu kimoja. Tangu kaka yangu Iddi amwoe tulikuwa tunanuniana: kwa chumvi ya mchuzi, kwa kanga, kwa nani alitangulia kumpa mwenzake shikamoo ya sikukuu. Basi mkinisikia namsifu leo, msidhani ni undugu unaosema. Nasema nilichokiona kwa macho yangu.

Kuruthumu ni mtoto wa Ujiji, baba yake fundi cherehani, mama yake muuza vitumbua. Iddi alipomwoa alimhamishia Buzebazeba, nyumba ya pili kutoka kwangu. Kazi ya Iddi ilikuwa kuuza petroli ya mashine za boti mwaloni Katonga, pale dagaa wanaposhushwa. Alikuwa na kibanda cha mabati, mapipa, madumu, na leseni yake ameitia kwenye fremu ya kioo na kuitundika ukutani kama watu wanavyotundika picha ya harusi. Ukiingia tu, kabla hujasalimiwa, unakutana na jina: Iddi Abdulkarimu. Kaka yangu alipenda sifa, tusidanganyane.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana kesi nzima imekaa hapa. Mashine zile ndogo za boti hazinywi petroli tupu. Lazima petroli ichanganywe na oili, kikopo kwa dumu, ndipo chuma kinateleza ndani. Ukitia petroli tupu, mashine inakwenda, inakwenda, halafu inajikaba yenyewe na kukwama. Na ukikwama katikati ya Ziwa Tanganyika umekwama kweli, kwa sababu nanga haifiki chini. Wauzaji wengine waliuza petroli tupu, mwenye boti akatafute oili yake. Lakini wavuvi tunawajua. Mtu anatoka mbiombio kuwahi wenzake, oili anaisahau, au anatia kiduchu apate kubana matumizi. Ndiyo maana Iddi aliuza iliyokwisha kuchanganywa. Wengi Katonga hawakutaka nyingine.

Na mchanganyaji hakuwa Iddi. Iddi alikuwa mtu wa soga, anakaa mlangoni anacheka na watu. Mchanganyaji alikuwa Kuruthumu. Anapima oili, anamimina, anafunga kifuniko, analaza dumu mchangani, halafu analiviringisha kwa wayo wa mguu, huku na huku, taratibu, mpaka moyo wake uridhike. Wavuvi walimtania kwa jina la mwanawe, "Mama Ikram anabembeleza!" Yeye akaendelea kuviringisha. Mwenye haraka alimwambia, "Nipe hivyo hivyo," naye akamwambia, "Basi nenda kwa mwingine." Hakuna aliyekwenda kwa mwingine. Lakini jina, kama ilivyo kawaida ya dunia, lilikuwa la mwanamume. Mwalo mzima waliyaita mafuta ya Iddi.

Kaka yangu akafa. Tumbo lilimshika wakati wa masika ya mwaka tisini na sita, likamaliza kazi yake upesi. Kuruthumu akakaa eda yake ndani, miezi minne na siku kumi, kibanda kimefungwa, wavuvi wanalalamika. Alipotoka edani alioga, akavaa, akaenda Katonga moja kwa moja na kufungua. Hakupita popote. Nami nikamfuata huko huko.

"Wifi," nikamwambia, "hiyo karatasi ukutani ina jina la marehemu."

"Ina jina la mume wangu."

"Nenda ofisi ya biashara wakuandikie ya kwako."

"Nitakwenda."

"Lini?"

"Wifi, si nimesema nitakwenda?"

Hakwenda. Nilimwambia tena, nikamwambia tena, mpaka akawa akiniona kwa mbali anajifanya anatafuta kitu chini ya pipa. Nilidhani ni uvivu wa kupanga foleni. Nilidhani ni kiburi. Sikuona kwamba kila asubuhi, akishafungua, kitu cha kwanza alichofanya ni kukifuta kile kioo kwa ncha ya kanga.

Na mwaka wenyewe ulikuwa mwaka gani! Warundi walikuwa wamekwisha kuja kwa maelfu, na sasa vita ikawaka ng'ambo, upande wa Wakongo. Boti zikawa zinaingia alfajiri zimejaa watu, masufuria, mbuzi, wazee waliobebwa mgongoni. Katonga hukupata pa kukanyaga. Sisi tuliwapikia uji, tukawapa kanga, tukagombana nao kisimani, tukapatana. Petroli ikawa inatafutwa kama dawa. Serikali haikutaka ivuke kwenda kwenye vita, kwa hiyo ilikuwa kidogo na ililindwa. Na panapokuwa hivyo hapakosi wajanja. Siku hizi vijana mnasema kuchakachua. Sisi wakati ule hatukuwa na neno, tulikuwa na jambo lenyewe: mtu anajaza mafuta ya taa ndani ya petroli ili iongezeke.

Basi siku moja mwezi wa kumi na moja ikaingia boti inapigwa makasia ya mbao za kitanda. Mashine ilikuwa imezimika mbali sana, na watu walikuwa wamelala ziwani wakinyeshewa. Walimteremsha bibi mmoja amekwisha kufa, mwanawe bado anamwita. Fundi alipoifungua mashine, ilinuka mafuta ya taa mpaka nje. Aliyewauzia hatukumjua, na mpaka leo hatumjui. Nililia siku ile kama nimefiwa mimi.

Mwalo ukachafuka, na serikali ikaja na polisi kuchukua sampuli kwenye kila pipa. Haya, wenye mapipa wakapotea! Mmoja aliacha hata viatu. Wafanyabiashara wazima walijifanya wanauza nyanya. Aliyebaki ni Kuruthumu peke yake, tena aliwavutia wale mabwana kigoda wakae.

"Hii ni petroli tupu?" wakamwuliza.

"Hapana," akasema. "Nimechanganya."

Mtume! Wanawake wauza dagaa wakajishika vinywa. Telesphory, Muha wa Kalinzi aliyeacha kahawa za baba yake kuja kununua boti, akajaribu kuingilia. "Mabwana, subirini, huyo mama anachanganya kwa ajili ya…" Polisi akamwambia anyamaze kabla hajawekwa naye ndani. Wakamwuliza Kuruthumu leseni iko wapi, akaonyesha ukutani kwa kidole. Wakaisoma. Wakamwuliza kama yeye ndiye Iddi Abdulkarimu. Wakamchukua.

Mahakamani mambo yalikwenda mbio, hata majibu ya sampuli hayakungojwa. Kosa la kwanza, kuuza petroli iliyochanganywa. La pili, kuuza bidhaa muhimu bila leseni. Karani akasoma, hakimu akauliza kama ni kweli.

"Ni kweli," akasema Kuruthumu. "Nimechanganya tangu nimeolewa."

Watu wakacheka. Yeye hakuwa amesema kichekesho. Akataka kuendelea, akaambiwa ajibu alichoulizwa. Wakasoma maelezo, wakamwuliza tena kama ni kweli, akasema ni kweli tupu. Ikaandikwa amekiri. Kwa kuwa bibi yule wa ng'ambo alikuwa kichwani mwa kila mtu, na kwa kuwa mtu wa kuadhibiwa alikuwa amepatikana, akapewa miaka miwili. Mimi nilisimama nikapiga kelele kwamba huyo mwanamke si mchafuzi wa mafuta. Nikatolewa nje nimeshikwa mkono, kanga moja imebaki ndani. Kuruthumu aliniangalia tu, kama kawaida yake ninapozidisha.

Gerezani palikuwa na askari mwanamke, Afande Honorata, mwenye mwandiko mzuri na roho ya kibinadamu. Ndiye aliyewaandikia wafungwa rufaa zao. Nilipokwenda kumtazama wifi yangu na ndizi mkononi, Ikram nimemwacha kwangu, nikawakuta wameketi wote wawili na karatasi mbele yao haina hata neno.

"Dada, umekuja wakati mzuri," Afande akaniambia. "Zungumza na mtu wako. Mtu aliyekiri, rufaa yake ni ngumu. Njia niliyonayo ni aseme hakuelewa alichosomewa, na kwamba hakuchanganya kitu. Hataki."

"Hataki?" nikasema. "Wifi! Wewe una akili? Sema hukuchanganya, utoke, twende nyumbani."

Kuruthumu akaichukua ile ndizi, akaimenya, hakuila.

"Nikisema sikuchanganya," akasema, "Telesphory amekuwa akinunua nini kwangu miaka yote hii? Petroli tupu? Nimwuzie mtu petroli tupu huku namwambia ina oili, apeleke wanawe ziwani?"

"Telesphory hatakuwamo mahakamani!"

"Atasikia. Mwalo wote utasikia. Watasema kumbe ndiye yeye. Watasema mashine ya wale watu ilikufa kwa mafuta ya Iddi." Halafu akasema kitu ambacho sijakisahau. "Miaka miwili itakwisha, wifi. Hilo halitakwisha."

Nilikasirika, wallahi. Nilimwita kichwa maji, nikamwita mjinga wa mwisho, nikamwambia gereza limempendeza basi akae. Nikatoka nje, nikakaa juu ya jiwe, nikalia kwa hasira. Kilichoniuma ni kwamba alikuwa na haki. Iddi angekuwa hai angesema uongo ule mara moja, tena angeupamba. Huyu aliyeletwa kwetu kwa posa ndiye aliyekuwa analilinda jina letu, na sisi damu ya Iddi tunataka kulitupa. Nikarudi ndani nikamwambia Afande, "Andika anavyosema yeye."

Afande Honorata akatikisa kichwa. "Mnajua hii ni kama kukiri mara ya pili?"

"Tunajua."

Akaandika: nilichanganya petroli na oili, kama mashine ya boti inavyotaka, mafuta ya taa sikutia. Kuruthumu akatia dole gumba, kisha akala ndizi yake.

Ramadhani alifunga humo humo gerezani. Sikukuu ilipita nikampelekea pilau, nikakuta amemgawia Mrundi mmoja mjamzito karibu yote. Jaji alikuja kutoka Tabora baada ya sikukuu hiyo, mvua zikinyesha kweli kweli, chumba cha mahakama kimejaa harufu ya nguo mbichi. Telesphory alikuja, na wenye boti wengine nyuma yake. Walikaa wamekunja mikono, kofia mapajani.

Wakili wa serikali alisimama akasema mrufani alikiri mwenyewe, na hata kwenye sababu zake za rufaa amekiri tena, kwa hiyo hana pa kusimamia. Jaji alikuwa mzee mwenye sauti ndogo, unainama mbele ili umsikie. Akafungua jalada, akasoma kwa muda, akauliza, "Wakili, katika maelezo yaliyosomwa siku ile, petroli ilichanganywa na nini?"

Wakili akapekua, akapekua tena. Alikuwa kijana mwungwana, simsingizii. Akasema, "Mheshimiwa, haikuelezwa. Na kwa kweli, kama haikuelezwa, mimi siwezi kuitetea hukumu ya kosa la kwanza."

Jaji akamgeukia Kuruthumu. "Ulichanganya na nini, mama?"

"Oili ya mashine."

"Mbona hukusema?"

"Sikuulizwa."

Jaji akaandika. Akaeleza kwamba mtu hawezi kuhesabiwa amekiri kosa kama kosa lenyewe hakuelezwa likaeleweka, na kwamba kuchanganya peke yake si kosa mpaka ijulikane ni na nini na kwa nini. Kosa la kwanza likafutwa. Nyuma yangu nikasikia Telesphory anashusha pumzi. Mimi tayari nilikuwa nimeshika mdomo nipige kigelegele.

"Tuje kwenye leseni," jaji akasema. Karani akainua ile fremu, maana polisi waliichukua kama kielelezo, kioo chake kimepata ufa. "Hii ni ya nani?"

"Ya mume wangu."

"Yuko wapi?"

Kuruthumu, aliyejibu polisi, akajibu hakimu, akajibu kila kitu mpaka akajifunga mwenyewe, akanyamaza. Niliona vidole vyake vinatafuta ncha ya kanga.

"Mama, naomba unijibu. Mwenye leseni yuko wapi?"

"Amefariki," akasema.

Jamani. Tangu msiba nilikuwa sijawahi kulisikia neno lile kinywani mwake. Watu walisema mbele yake, wakasoma hitima mbele yake, wakampa pole, naye akawa anaitikia ahsante. Yeye mwenyewe hakupata kulisema. Alikuja kulisema pale kizimbani, mbele ya karani na polisi, kisha machozi yakamtoka bila sauti. Alipofungwa hakulia. Akalia hapo.

Jaji alimpa muda. Halafu akasema, polepole, kwamba leseni hairithiwi kama shamba. Siku mwenye nayo anapokufa, nayo inakwisha. Kosa la pili limethibitika na litabaki. Lakini kifungo alichokwisha kutumikia kinatosha, aachiwe leo, na asiuze mpaka apate leseni yake mwenyewe.

Nje mvua ilikuwa imepungua. Telesphory akamwendea, akainama kwa heshima, akamwambia, "Umeshinda, Mama Ikram! Mwalo mzima wanakusubiri." Wengine wakapiga makofi. Kuruthumu akawaitikia, akatembea pembeni yangu mpaka njia panda.

"Umeshinda, wifi," nikasema na mimi.

"Najua," akasema. "Nimechoka tu."

Fremu walimrudishia baada ya siku chache. Tulikwenda wote Katonga kufungua kibanda, panya wamefanya yao, pipa limeshika kutu mdomoni. Akaangalia msumari ukutani. Nikadhani ataitundika tena, na nikaapa moyoni safari hii sisemi neno. Akakaa juu ya kigoda, akakifuta kile kioo kwa ncha ya kanga, akafuata ule ufa kwa kidole kutoka juu mpaka chini. Kisha akanipa.

"Kaka yako huyo," akasema. "Mpeleke nyumbani."

Na mimi, niliyepiga kelele miezi yote ile aibadilishe karatasi, niliyemdhania mvivu na mwenye kiburi, nilikaa mchangani na ile fremu kifuani, nikalia mpaka wauza dagaa wakaja kuuliza nani kafa. Kuruthumu ndiye aliyenifuta uso, kwa kanga ile ile.

Alikwenda ofisi ya biashara kesho yake. Walimzungusha kidogo, wakamwambia njoo wiki ijayo, njoo na picha, njoo na hiki, kama mnavyozijua ofisi. Akapata. Karatasi yake hakuitia kwenye kioo, aliibandika kwa gundi ukutani, na jina lake lote: Kuruthumu binti Rashidi.

Siku aliyofungua, nilikuwapo. Boti za wakimbizi zilikuwa bado zinakuja, na watu wetu walikuwa wanajiandaa kutoka. Telesphory alitangulia, dumu tupu mkononi, anacheka na meno yote, anasalimu kwa Kiha chake.

"Mwakeye, Mama Ikram! Nipe dumu moja la mafuta ya Iddi."

Alisema kwa mazoea, maskini, wala hakuwa na nia mbaya. Lakini aliona nyuso zetu, na kicheko kikamkauka. Wauza dagaa wakaacha kupepeta. Kuruthumu alikuwa ameinama anapima oili. Hakuinua kichwa mpaka kikopo kilipojaa sawasawa.

"Ya Iddi yamekwisha, Telesphory," akasema. "Haya ni ya Kuruthumu. Unayataka?"

Telesphory akavua kofia.

"Nayataka, mama."

"Basi subiri," akasema, akalaza dumu mchangani, akaweka wayo wake juu, akaanza kuliviringisha.